Carl Perkins na viatu vya bluu: wimbo huwa wa nani hasa?

Mwulize mtu yeyote "Blue Suede Shoes" ni wimbo wa nani, atakujibu bila kusita kwamba ni wa Elvis Presley. Atakuwa amekosea, ingawa huwezi kumlaumu. Elvis aliuimba huku akikata kiuno, nao ukamkaa kama suti ya fundi wake. Lakini aliyeutunga ni Carl Perkins, mtoto wa wachuma pamba wa Tennessee, na aliuandika saa tisa usiku kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa umewekewa viazi. Ndiye aliyeurekodi kwanza, ndiye aliyeupandisha chati, na alikuwa njiani kwenda New York kuuimba mbele ya taifa zima kwenye runinga, gari lake likapata ajali.

Kuanzia hapo hadithi yake husimuliwa kwa namna moja tu. Ajali ikamlaza Carl hospitalini, Elvis akajibebea wimbo, na mwenyewe akabaki akitazama. Inasikitisha vizuri sana, ndiyo maana inapendwa. Tatizo ni kwamba ukizipanga tarehe mezani, hazikubali. Ukizifuatilia fedha, mambo yanazidi kuwa tofauti. Na ukizichunguza nyimbo zake zenyewe, unakuta Carl naye alibeba vya watu. Tuanze shambani, maana mengi yalianzia huko.

Mafundo kwenye nyuzi

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1932 karibu na Tiptonville, kona ya kaskazini-magharibi ya Tennessee, jirani na Mto Mississippi. Wazazi wake, Buck na Louise, hawakuwa na ardhi. Walilima pamba ya mtu kwa mgao. Mwenye shamba anakupa ardhi, kibanda cha kulala na mkopo wa vitu vya dukani. Mavuno yakiingia anachukua sehemu yake, kisha anakata deni lake kwenye sehemu yako, na kinachosalia, kama kitasalia, ndicho unachoondoka nacho. Wengi walifunga mwaka wakidaiwa zaidi ya walivyoufungua. Kumbukeni huo utaratibu wa kukata deni kwanza, tutaurudia.

Carl, kaka yake Jay na mdogo wao Clayton waliingia shambani wakiwa bado watoto wadogo, wakichuma pamoja na familia za Weusi waliokuwa katika hali hiyohiyo. Jumamosi usiku redio ilileta kipindi cha Grand Ole Opry kutoka Nashville, na humo mtoto akamsikia Roy Acuff na Bill Monroe, wakubwa wa muziki wa kantri. Siku za kazi alisikia nyimbo za injili zikipokezana kutoka mstari mmoja wa pamba hadi mwingine. Kwa hiyo masikio yake yalilelewa nyumba mbili kwa wakati mmoja, katika jimbo ambalo sheria ziliwatenganisha Weupe na Weusi shuleni, hotelini na kwenye mabasi.

Gitaa la kwanza baba yake alimuundia kwa kasha la sigara na mpini wa ufagio. La pili lilikuwa gitaa hasa, ila kuukuu, lililonunuliwa kwa jirani kwa dola chache. Mwalimu wake alikuwa John Westbrook, mzee Mweusi aliyefanya kazi katika shamba hilo, ambaye watoto walimwita Anko John. Mzee huyo alimwelekeza ainamie gitaa, alisogelee, mpaka ausikie mtetemo wa uzi ukiingia mwilini. Carl alilisimulia somo hilo maisha yake yote.

Sasa kuna jambo dogo hapa ambalo mimi naliona linaeleza mengi kuliko tuzo zote alizopewa uzeeni. Nyuzi zilipokatika, nyumbani hapakuwa na senti ya kununua nyingine. Carl alizifunga fundo, akaendelea kupiga. Mpiga gitaa anapotaka kupanda kutoka noti moja hadi nyingine mara nyingi hutelezesha kidole juu ya uzi. Yeye akitelezesha, kidole kinagonga fundo na kuchanika. Akaacha. Badala yake akawa anausukuma uzi pembeni palepale kilipo kidole, unapinda, na noti inapanda kwa kulia. Wapiga bluzi, muziki wa Weusi wa kusini, walikuwa wakipinda nyuzi zamani, lakini kwenye nyimbo za kantri mlio ule ulikuwa kama pilipili kwenye uji. Miaka ishirini baadaye vijana wa Liverpool wangekaa na santuri zake wakijaribu kuuiga mlio huo, na nyuzi zao zilikuwa nzima.

Muziki wa washamba

Familia ilihamia karibu na mji wa Jackson, Tennessee, na ndugu hao watatu wakaanza kupiga kwenye vilabu vya pombe vya kando ya barabara. Carl aliimba na kupiga gitaa la solo, Jay gitaa la kusindikiza, Clayton besi kubwa ya kusimama. Baadaye W. S. Holland akaongezeka kwenye ngoma. Vilabu hivyo havikuwa na simile. Wateja walitaka kucheza, na bendi iliyopiga polepole iliambulia chupa. Carl akawa anachukua wimbo wa kantri, anaupa mwendo wa bluzi, anauharakisha, huku Clayton akiichapa besi kwa kiganja hadi itoe mlio wa ngoma.

Hiyo ndiyo rokabili kabla haijapewa jina. Neno lenyewe limeunganishwa kutoka "rock" na "hillbilly", na hilo la pili ni tusi la watu wa mjini kwa Mweupe wa mashambani. Kwa lugha ya kwetu: mshamba. Kwa hiyo rokabili ni roki ya washamba, na waliopiga walijua wanachoitwa.

Mchana Carl alifanya vibarua, ikiwemo kazi kwenye kiwanda cha mikate. Mwaka 1953 alimwoa Valda Crider. Mwaka uliofuata, Elvis aliporekodi "Blue Moon of Kentucky", wimbo wa Bill Monroe uliogeuzwa mwendo, Valda aliusikia redioni na kumwambia mumewe kwamba hao wanapiga kama ninyi. Carl alisikiliza, akauliza ni studio gani, akaambiwa Sun Records, mjini Memphis. Akafunga safari.

Sun ilikuwa chumba kimoja tu cha kurekodia, na mwenye chumba alikuwa Sam Phillips. Alikuwa na ujanja wake: sauti aliipitisha kwenye mashine mbili za tepu zilizopishana kidogo, ikarudi kama mwangwi mfupi unaokimbizana na mwimbaji. Alimchukua Carl, ila akamfungia kwenye kantri. Santuri yake ya kwanza, ya 1955, ilikuwa na "Movie Magg", wimbo aliouanza akiwa kijana mdogo, kuhusu mvulana anayempeleka msichana sinema kwa kumpandisha mgongoni kwa mnyama wa shambani. Phillips tayari alikuwa na mtu wa kurukaruka jukwaani, yaani Elvis, na hakuona haja ya wa pili.

Mambo yalibadilika Novemba 1955, Phillips alipouuza mkataba wa Elvis kwa kampuni ya RCA kwa dola 35,000. Nafasi ikawa wazi. Wanaodai Elvis alimzibia Carl njia hawataji kwamba kuondoka kwake ndiko kulikomfungulia mlango.

Mfuko wa viazi

Wazo la viatu hakulitoa kichwani mwake. Johnny Cash, ambaye naye alikuwa Sun, alimsimulia habari za C. V. White, askari Mweusi wa jeshi la anga aliyekuwa naye Ujerumani. White alijali mavazi mno. Hata akiwa amevaa buti za jeshi, angewaambia wenzake wasimkanyage viatu vyake vya bluu vya swedi, ile ngozi laini yenye manyoya mafupi ambayo doa moja la matope linaiharibu kabisa. Cash akasema hapo pana wimbo. Carl akajibu kwamba yeye hajui chochote kuhusu viatu.

Kisha, Desemba 1955, akipiga kwenye dansi, alimsikia kijana mmoja akimkaripia msichana anayecheza naye kwa sababu amegusa viatu vyake. Msichana alikuwa mrembo. Carl hakuelewa: una binti kama huyu mikononi, nawe unahangaikia viatu? Alirudi kwenye nyumba ya bei nafuu ya serikali alikokuwa akiishi, akalala, wimbo ukamwamsha. Hakupata karatasi. Akamwaga viazi, akachukua mfuko wao, akaandika. Neno "suede" alilikosea tahajia. Maneno ya kufungulia, yale ya kuhesabu moja hadi tatu, aliyatoa kwenye wimbo wa watoto wa kushindana mbio.

Aliurekodi tarehe 19 Desemba 1955, na santuri ikatoka Januari 1956. Lisikilize toleo lake na la Elvis moja baada ya jingine utaona tofauti papo hapo. Carl anahesabu moja, bendi inapiga mapigo mawili, anahesabu mbili, mapigo mengine mawili. Unamsikia mtu aliyesimama mlangoni kilabuni akiwapima wateja. Elvis anaondoa nafasi hizo na kuukimbiza wimbo moja kwa moja. La Elvis ni la kusisimua. La Carl lina kiburi cha mtu ambaye kweli amehifadhi fedha akanunua viatu, na kwa uamuzi wangu ndilo bora.

Wanunuzi wa 1956 walikubaliana nami. Toleo la Carl lilifika nafasi ya 2 kwenye chati ya pop na likapanda pia kwenye chati za kantri na za muziki wa Weusi, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo. Ikawa santuri ya kwanza ya Sun kufikisha milioni. La Elvis liliishia nafasi ya 20. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa RCA walianza kumpigia Phillips simu kwa wasiwasi, wakihofia wamenunua mtu asiye.

Tarehe hazidanganyi

Elvis alirekodi "Blue Suede Shoes" tarehe 30 Januari 1956. Aliuimba kwenye runinga ya taifa tarehe 11 Februari, akaurudia tarehe 17 Machi. Usiku huohuo wa 17 Machi, Carl naye alikuwa akiuimba kwenye kituo kingine. Nchi nzima iliweza kuchagua, na yote hayo yalitokea kabla ya ajali.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi bendi ilikuwa ikitoka Norfolk, Virginia, kwenda New York kwenye kipindi cha runinga cha Perry Como. Karibu na Dover, Delaware, dereva wao alisinzia, gari likagonga pikapu kwa nyuma na kutumbukia kwenye mtaro wa maji. Dereva wa pikapu alifariki. Carl alivunjika mifupa mitatu ya shingo na mfupa wa bega, na alikuwa kifudifudi majini, hana fahamu, Holland alipomvuta. Jay aliumia vibaya shingoni na ndani ya mwili. Siku iliyofuata, tarehe 23, albamu ya kwanza ya Elvis ikaingia madukani, na wimbo wa kwanza kabisa upande wa kwanza ulikuwa "Blue Suede Shoes". Wanamuziki wa Elvis walipita hospitalini kumjulia hali Carl. Tarehe 3 Aprili Elvis aliuimba tena kwenye kipindi kikubwa cha Milton Berle, na Carl alimtazama kwenye runinga akiwa kitandani.

Picha hiyo ya mgonjwa na runinga ndiyo iliyozaa hadithi yote. Lakini santuri ya Carl iliendelea kuuzwa akiwa kitandani, na tarehe 26 Mei alifika kwenye kipindi cha Perry Como akaimba. Alichopoteza ni zile wiki tisa, na Machi hadi Mei 1956 ndiyo miezi ambayo Elvis aligeuka kutoka mwimbaji wa kusini kuwa jambo la dunia.

Je, bila ajali Carl angekuwa Elvis? Sidhani. Alikuwa mume wa mtu, baba wa watoto, nywele zikianza kurudi nyuma, na alisimama jukwaani kama mtu anayefanya kazi. Sun ilikuwa duka dogo, RCA lilikuwa kampuni kubwa lenye wauzaji nchi nzima. Santuri zake zilizofuata, "Boppin' the Blues" na "Dixie Fried", zilifanya vizuri kwenye kantri, lakini hazikukaribia ile ya kwanza.

Senti mbili

Tuje kwenye fedha, sehemu ambayo watu huiruka, nami naona ndiyo kiini. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909 ilisema kwamba wimbo ukishatolewa kwenye santuri mara ya kwanza, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi bila kumwomba mtunzi ruhusa, mradi alipe kiwango kilichowekwa. Kiwango kilikuwa senti 2 kwa kila nakala, na hakikupanda hadi 1978. Kwa hiyo Elvis hakuiba kitu. Kila nakala ya albamu yake iliyouzwa ilidaiwa senti zake kwa wenye "Blue Suede Shoes".

Nimesema wenye, kwa wingi, kwa makusudi. Senti 2 hizo kwa desturi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mtunzi na mchapishaji, yaani kampuni inayosimamia hakimiliki ya wimbo. Mchapishaji wa Carl alikuwa Hi-Lo Music, na Hi-Lo ilikuwa mali ya Sam Phillips. Kwa hesabu ya makaratasi, santuri milioni moja ni dola 20,000 kwa wimbo mmoja: 10,000 za mtunzi, 10,000 za mchapishaji. Lakini santuri ina pande mbili. Nyuma ya "Blue Suede Shoes" kulikuwa na "Honey Don't", nao Carl aliutunga. Hakuna aliyeingia dukani kuufuata, ila sheria iliulipa sawasawa na wa mbele, ndiyo maana kwa miaka mingi watu waligombania upande wa pili wa santuri kama wanavyogombania kiti cha dirishani.

Kisha kuna redio. Huko Marekani, hadi leo, kituo cha kawaida cha redio kinapopiga wimbo, wanaolipwa ni mtunzi na mchapishaji. Mwimbaji hapati kitu. Elvis akipigwa redioni, anayelipwa ni Carl. Mwanamuziki aliyefifia jukwaani anaweza kuendelea kula kutokana na kalamu, ilimradi amelipwa kwa haki.

Na hapo ndipo penye jeraha. Phillips alimpa Carl gari la Cadillac kwa kufikisha milioni, na magazeti yakapiga picha. Baadaye, kwa maelezo ya Carl mwenyewe, aligundua kwamba bei ya gari ilikatwa kwenye mirabaha yake, yaani malipo ya nyimbo zake. Mtoto wa mkulima wa mgao alikuwa ameuona utaratibu huo kwa baba yake. Katika miaka ya 1970 alimfikisha Phillips mahakamani kudai mirabaha na haki za nyimbo zake, na nyimbo hizo zikaja kusimamiwa chini ya MPL, kampuni ya Paul McCartney wa Beatles, bendi ya wale vijana wa Liverpool. Ukinionyesha mtu aliyemnyima Carl usingizi, nitaangalia upande wa ofisi za hesabu kabla ya kumtazama Elvis.

Na yeye alibeba vya nani?

Tarehe 4 Desemba 1956 Carl alikuwa Sun akirekodi. Kwenye piano alikaa kijana asiyejulikana bado, Jerry Lee Lewis, aliyelipwa dola 15 kwa kazi hiyo. Baba yake Carl, Buck, alikuwepo, akamkumbusha mwanawe wimbo wa zamani kuhusu mtu maskini kiasi kwamba nguo zake zote zingeenea kwenye kiberiti. Carl alijua kipande tu. Mengine akayatunga papo hapo. Wimbo ukaitwa "Matchbox", mtunzi Carl Perkins. Siku hiyohiyo Elvis alipita kuwasalimia, Cash akawepo, wanne hao wakaimba nyimbo za kanisani hadi jioni, na picha waliyopigwa ni maarufu kuliko kazi iliyowakutanisha.

Lakini Blind Lemon Jefferson, mpiga bluzi kipofu wa Texas, alikuwa amerekodi "Match Box Blues" mwaka 1927. Na fikra ya kiberiti ilikuwepo kwenye bluzi za Ma Rainey hata kabla yake. Kwa ala na mwendo, "Matchbox" ya Carl ni kitu kipya. Kwa mstari wake mkuu, ni mali ya zamani. "Everybody's Trying to Be My Baby" una utata zaidi. Rex Griffin, mwimbaji wa kantri kutoka Alabama, aliurekodi wimbo wenye jina hilo mwaka 1936, na sehemu ya maneno ni ileile. Kwenye santuri ya Carl aliandikwa Carl peke yake.

Simwiti mwizi. Katika bluzi na kantri ya zamani mistari ilitembea kama methali, kila mtu akaichukua na kuiongezea. Ila sheria ya 1909 haikujua kitu kinachotembea. Ilitaka jina moja, na aliyewahi kuandikisha ndiye aliyelipwa. Mfumo uliomlipa Carl kila Elvis alipoimba haukumlipa kitu askari White kwa maneno yake, wala Anko John kwa mlio wa gitaa. Na Cash, aliyemletea wazo, hakudai jina lake liwekwe.

Kutoka Liverpool hadi kwa Cash

Miaka ya mwisho ya 1950 ilikuwa mibaya. Carl alihamia kampuni ya Columbia mwaka 1958, na Oktoba mwaka huo Jay akafa kwa uvimbe wa ubongo. Pombe, ambayo alikuwa ameizoea tangu vilabuni, ikawa bosi. Bado aliandika: Patsy Cline alirekodi "So Wrong" mwaka 1962, wimbo ambao Carl aliutunga na Mel Tillis na Danny Dill, nao ni kantri ya machozi, hauna dalili ya viatu wala kiburi.

Mei 1964 alikwenda Uingereza kuzunguka na Chuck Berry. Huko akakutana na Beatles, vijana wanne waliokuwa wakijua nyimbo zake kuliko Wamarekani wenzake. George Harrison, katika ziara yao ya Scotland ya 1960, alikuwa amejiita Carl Harrison jukwaani. Tarehe 1 Juni 1964 Carl alikaa ndani ya studio ya Abbey Road huku Beatles wakirekodi "Matchbox", mpiga ngoma wao Ringo akiimba. Kabla mwaka haujaisha albamu yao mpya ilikuwa na "Honey Don't" na "Everybody's Trying to Be My Baby". Upande wa pili wa santuri ya 1956, ule ambao hakuna aliyeufuata dukani, sasa uliuzwa dunia nzima, na senti 2 zilikuwa bado ni senti 2.

Aliporudi nyumbani kilichomshika mkono ni urafiki. Cash alimchukua kwenye msafara wake katikati ya miaka ya 1960, Carl akapiga gitaa nyuma ya rafiki yake kwa karibu miaka kumi. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa ulevi, mmoja wa pombe, mwingine wa vidonge. Mwaka 1968, baada ya siku kadhaa za kunywa akiwa ziarani California, Carl alitembea hadi ufukweni na kuitupa chupa yake baharini.

Mwaka huohuo akaandika "Daddy Sang Bass", Cash akauimba, nao ukakaa wiki sita namba moja kwenye chati ya kantri. Unaelezea familia maskini inayoimba pamoja nyumbani, baba sauti ya chini, mama ya juu, na ndugu aliyetangulia ambaye watakutana naye kuimba tena. Kiitikio chake kinachota kwenye wimbo mkongwe wa injili. Wapenzi wa kantri wa Kenya, na si haba, wengi wameusikia bila kujua aliuandika yule wa viatu. Carl alikuwa amemzika Jay miaka kumi kabla. Cash alimpoteza kaka yake Jack mwaka 1944. Huo ni wimbo ambao mmoja angeweza kuuandika na mwingine kuuimba bila yeyote kuuliza ni wa nani. Clayton naye akafa mwaka 1973, kwa mkono wake mwenyewe.

Kalamu haikukauka. Mwaka 1989 The Judds walifika namba moja na "Let Me Tell You About Love", ambao Carl alishiriki kuutunga na kupiga gitaa. Dolly Parton akarekodi "Silver and Gold" mwaka 1991, wimbo ambao Carl aliutunga na wanawe Stan na Greg. Mjini Jackson jina lake lipo kwenye kituo cha kuzuia ukatili kwa watoto, ambacho alisaidia kukianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kukichangishia fedha hadi mwisho.

Alifariki tarehe 19 Januari 1998 mjini Jackson, akiwa na miaka 65, baada ya saratani ya koo na viharusi. George Harrison alikuja kwenye mazishi, katika ukumbi wa chuo kikuu cha Lambuth. Alichukua gitaa, akaimba "Your True Love", wimbo ambao Carl aliurekodi siku ileile ya 4 Desemba 1956, na ambao Phillips aliharakisha tepu yake kidogo ili sauti ya Carl isikike changa. Harrison aliupiga kwa mwendo wake mwenyewe.